Mbao za Nje: Zitiwe Dawa au Zipakwe Rangi?

Endebess iko chini ya Mlima Elgon, kaskazini-magharibi ya mji wa Kitale, karibu na mpaka wa Uganda. Ni nchi ya mahindi na ng'ombe wa maziwa. Mvua huanza kunyesha mwezi wa Machi au Aprili, na mara nyingi haiachi mpaka Oktoba au Novemba. Kisha huja miezi ya jua kali na upepo mkavu. Katika nchi ya namna hiyo ubao uliowekwa nje hulowa ukakauka, kisha hulowa tena ukakauka tena, mwaka baada ya mwaka, na chini yake mchwa hawalali.

Mwenye nyumba atakaye kujenga veranda ya mbao mbele ya mlango wake, au kuliinua ghala la mahindi juu ya miguu ya miti, au kuweka kivuko cha miguu juu ya kijito, hukutana na swali moja afikapo kwa muuza mbao. Huonyeshwa mbao zilizotiwa dawa kiwandani, ambazo bei yake ni kubwa, na mbao za kawaida ambazo huambiwa kwamba zikipakwa rangi nzuri zitadumu vile vile. Je, achague zipi?

Watu wengi huchagua kwa macho. Ubao uliopakwa rangi ya hudhurungi huvutia, nao ule uliotiwa dawa huwa na kijani-kijani kisichopendeza. Lakini dawa na rangi hazifanyi kazi moja. Rangi ni koti: huvaliwa juu ya mwili kuzuia jua na mvua, nayo huchakaa. Dawa ni kinga iliyomo ndani ya mwili wenyewe: haionekani sana, bali ndiyo izuiayo maradhi. Mtu aliyevaa koti zuri aweza kupatwa na malaria, na mtu mwenye kinga aweza kulowa mvua. Mwenye kufahamu tofauti hii hatapoteza fedha zake, wala hataanguka pamoja na veranda yake.

Adui wanne wa ubao

Ubao ulioko nje una maadui wanne: jua, maji, kuvu na wadudu.

Jua hushambulia ngozi ya ubao tu. Mwanga wake huvunja ile gundi ya asili inayoshikamanisha nyuzi za mti. Nyuzi za juu hulegea, mvua huziosha, na ubao hugeuka rangi ya majivu. Ubaya huu ni wa sura zaidi kuliko wa nguvu. Ubao wa kijivu waweza kuwa imara kabisa ndani.

Maji peke yake nayo hayaozeshi mti. Ubao ukilowa huvimba, ukikauka husinyaa, na kwa kuvimba na kusinyaa hupasuka nyufa. Hatari ya maji ni kwamba huwafungulia mlango adui wawili waliobaki.

Kuvu ndio waozeshao. Hawa ni jamii ya uyoga, na mbegu zao ndogo mno hupeperushwa na upepo kila mahali. Ili wapate kuota katika ubao huhitaji vitu vinne: chakula, ambacho ni ubao wenyewe, maji, hewa, na joto la kadiri. Kimoja kikikosekana, hawawezi kukua. Wataalamu wa misitu wamepima wakaona kwamba ubao ambao maji yaliyomo ndani yake ni chini ya sehemu 20 kwa kila sehemu 100 za uzito wa ubao mkavu hauozi. Ndiyo sababu kenchi za paa lisilovuja hudumu hata wajukuu wakazikuta.

Wadudu wabaya kupita wote ni mchwa. Hawa hutoka ardhini, nao hujenga vijia vya udongo ili wasiguswe na hewa kavu wala mwanga. Wafikapo kwenye mti hula kutoka ndani, wakaacha ngozi nyembamba ya nje ikiwa nzima. Mara nyingi mwenye nyumba hatambui jambo lolote mpaka siku nguzo inapovunjika.

Kwa nini nguzo huvunjika mahali pamoja

Mkulima yeyote aliyewahi kung'oa nguzo za ua amekwisha kuona kwamba nguzo haiozi sawasawa. Sehemu iliyo juu hewani huwa nzima. Ile ya chini kabisa, aghalabu, huwa na nafuu. Iliyoliwa ni ile iliyo usawa wa ardhi, na kama shubiri moja chini yake.

Sababu yake ni wazi mtu akivikumbuka vile vitu vinne. Juu hewani ubao hukauka upesi baada ya mvua, hivyo kuvu hukosa maji. Chini sana hewa ni haba, hivyo kuvu hukosa pumzi. Lakini usawa wa ardhi vyote vinapatikana, maji na hewa pamoja, na huko huko ndiko mchwa wanakopita. Basi mahali hapo ndipo pa kuchunga, na swali la dawa au rangi hujibiwa kwanza kwa kuuliza: je, ubao huu utagusa udongo, au hautagusa?

Kazi ya rangi

Rangi za mbao ni za namna mbili. Namna ya kwanza hufanya utando juu ya ubao, kama rangi nzito ya mafuta na vanishi. Namna ya pili ni nyepesi; hunywewa na ubao, huutia rangi, na huacha mishipa ya mti ikionekana. Hii ya pili ndiyo ipendwayo kwa sakafu za nje, kwa sababu ikichakaa hufifia polepole, haibanduki vipande vipande. Vanishi isiyo na rangi hupendeza ndani ya nyumba, lakini nje mwanga wa jua hupenya utando wake, huulegeza ubao ulio chini, na baada ya muda utando wote hutoka kama ngozi ya nyoka. Kadiri rangi ilivyo na ungaunga mwingi wa kuzuia mwanga, ndivyo inavyoukinga ubao na jua.

Rangi basi huzuia jua na hupunguza maji. Hizo ndizo kazi zake mbili, na ni kazi za maana. Lakini rangi haiui mchwa. Mchwa wanaotoka chini ya ardhi hujenga kijia chao juu ya rangi hiyo hiyo, wakatafuta ufa mmoja wa kuingilia. Wala haizuii kuoza ikiwa maji yameingia kwa njia nyingine. Tena utando mzito wa rangi waweza kuleta hasara: maji yakipenya katika ufa au tundu la msumari, rangi huyafungia ndani yasitoke, na ubao huoza huku uso wake ukimetameta.

Kadhalika rangi hudai kurudiwa. Sakafu ya nje inayopigwa na jua la nchi hii na kukanyagwa kila siku yahitaji kupakwa upya kila baada ya miaka miwili au mitatu. Mwenye kupaka mara moja akasahau amejikinga kwa msimu tu.

Mabaharia wa pwani wanaifahamu sana sheria hii. Jahazi la mbao hupakwa vitu viwili, wala si kimoja. Sehemu ya juu ya maji hupakwa sifa, yaani mafuta ya papa na samaki wengine, ili mbao zisikauke na kupasuka kwa jua. Sehemu ya chini, ile inayokaa majini, hupakwa deheni, mchanganyiko wa chokaa na shahamu, ili wadudu wa baharini wasizitoboe mbao. Hakuna nahodha mwenye akili anayepaka sifa chini akatumaini kuwa wadudu watakimbia. Tena chombo hupwelewa mara kwa mara kikapakwa upya, kwa sababu kila baharia ajua kwamba kilichopakwa juu ya mti hakikai milele.

Jinsi dawa inavyotiwa

Dawa ya mbao haipakwi, bali husukumizwa ndani. Mwingereza aitwaye John Bethell alipata hataza ya njia hiyo mwaka 1838, alipotumia kiriosoti, mafuta meusi yapatikanayo katika lami ya makaa ya mawe. Reli zilikuwa zikienea Ulaya wakati ule, na mataruma ya mbao yaliyolazwa ardhini yalikuwa yakioza upesi. Njia ya Bethell ndiyo iliyoyaokoa, na viwanda vya leo hufuata mwendo ule ule.

Kwanza miti huambuliwa magome na kuachwa ikauke, kwa maana mti uliojaa maji hauna nafasi ya kupokea dawa. Kisha hupakiwa juu ya vigari na kuingizwa katika tangi refu la chuma, na mlango hufungwa kwa nguvu. Pampu hufyonza hewa iliyomo tangini na hata ile iliyomo katika vijitundu vya mti. Ndipo dawa hufunguliwa ikaingia, na pampu nyingine huisukuma kwa nguvu nyingi hata ikapenya ndani. Mwisho dawa iliyobaki huondolewa, hewa hufyonzwa mara ya pili ili miti isidondoke dawa, na miti hutolewa na kuwekwa kando siku kadhaa mpaka dawa ishike.

Mwaka 1933 mtaalamu wa Kihindi, Sonti Kamesan, aliyekuwa akifanya kazi katika taasisi ya utafiti wa misitu huko Dehra Dun, alivumbua dawa ya maji yenye shaba, kromu na aseniki. Shaba huua kuvu, aseniki huua wadudu, na kromu huvifunga viwili hivyo katika nyuzi za mti visioshwe na mvua. Dawa hiyo ilienea duniani kote, nayo ndiyo itoayo ile rangi ya kijani inayoonekana katika nguzo nyingi za umeme. Nguzo hizo, ambazo nyingi katika Kenya ni za mikaratusi, ni ushahidi uliosimama kando ya barabara: mkaratusi usio na dawa ukichimbiwa ardhini huliwa katika miaka michache tu, na huu uliotiwa dawa vizuri hutarajiwa kudumu miaka 20 na zaidi.

Si kila mti hupokea dawa

Ukikata mti mkubwa na kutazama kikata chake, utaona sehemu mbili. Pembeni pana duara jeupe, ambalo mti ulipokuwa hai lilipandisha maji kutoka mizizini. Katikati pana kiini, ambacho aghalabu ni cheusi zaidi na kigumu. Duara jeupe huoza upesi, lakini hunywa dawa kwa urahisi. Kiini hustahimili zaidi, lakini mara nyingi hukataa dawa hata ikisukumwa kwa nguvu.

Kutokana na jambo hili zimetoka kanuni mbili ambazo ni kinyume cha nyingine. Kwa mkaratusi na mti mwingine wa kupandwa utakaotiwa dawa, nguzo ya mviringo iliyobaki na duara lake jeupe ni bora kuliko ile iliyochongwa pande nne, kwa sababu duara hilo likijaa dawa huwa ngao inayozunguka kiini chote. Fundi akiuchonga mti huo baada ya kutiwa dawa, ameitupa ngao pamoja na takataka. Lakini kwa mtarakwa, ambao hautiwi dawa, duara jeupe huondolewa, maana litaliwa lote, na kiini peke yake ndicho kidumucho.

Mtarakwa ni mti wa asili wa milima ya Kenya, na huota katika misitu ya Elgon pamoja na podo na ule mti mgumu uitwao loliondo. Kiini chake kina mafuta yenye harufu nzuri ambayo kuvu na mchwa huyachukia. Wakati wa ukoloni nguzo za mtarakwa zilitumiwa sana kwa nyua za mashamba ya walowezi. Lakini mtarakwa hukua polepole mno. Nguzo iliyokatwa kwa siku moja ilikuwa imekua kwa miaka mingi, na misitu haikuweza kuyatosheleza mashamba yote.

Leo sehemu ya mlima huo imo katika Mbuga ya Taifa ya Mlima Elgon, iliyotangazwa mwaka 1968, ambayo lango lake la Chorlim halipo mbali na Endebess. Mnamo Februari 2018 Serikali ya Kenya ilisimamisha ukataji wa miti katika misitu ya umma na ya jamii, na amri hiyo ilikaa mpaka Rais alipotangaza kuiondoa Julai 2023. Misitu ya Elgon hulisha maji yaendayo mto Nzoia na mto Suam, na bila misitu hiyo mashamba ya Trans Nzoia na Bungoma yangepata taabu. Basi dawa ya mbao haikuletwa kwa faida ya mwenye veranda peke yake. Huuwezesha mkaratusi wa miaka 10 uliopandwa shambani kufanya kazi ya mtarakwa wa miaka mingi. Kila nguzo iliyotiwa dawa ikadumu ni mti mmoja wa mlimani usiotamaniwa na shoka.

Njia za mkato

Kwa kuwa bei ya mbao zilizotiwa dawa ni kubwa, watu wametafuta njia rahisi. Yafaa zitazamwe moja moja.

Wengi hupaka oili chafu iliyotolewa katika injini ya gari. Oili hiyo huutia mti weusi na kwa muda mfupi huzuia maji kidogo. Lakini si sumu ya kuua kuvu, haipenyi ndani, na baada ya misimu michache huoshwa ikaingia udongoni, ikachafua ardhi na maji ya kisima.

Wengine huchoma ncha ya nguzo motoni mpaka iwe makaa. Ni kweli kwamba makaa yenyewe hayaozi. Lakini tabaka hilo ni jembamba, tena moto huupasua mti nyufa, na mchwa hupita katika nyufa hizo mpaka kwenye mti mbichi ulio ndani.

Wako wapakao dawa ya dukani kwa brashi. Hii ni bora kuliko kutofanya lolote, na yatosha kwa ubao ulio juu ya ardhi na chini ya paa. Kwa nguzo inayozikwa haitoshi, kwa sababu dawa ya brashi huingia kiasi kidogo tu, na ufa wa kwanza huifikia sehemu isiyo na dawa.

Iko pia dawa ya boroni, ambayo hutumiwa kwa mbao za paa na za ndani. Ni nzuri kwa wadudu, wala si kali kwa watu. Lakini huyeyuka majini, hivyo ubao unaonyeshewa na mvua huipoteza. Mwenye kununua ubao wa nje hana budi kuuliza dawa iliyotumiwa ni ipi, kwa maana neno "dawa" peke yake halitoshi.

Dawa ni sumu, na iheshimiwe

Kinachoua kuvu na mchwa hakiwezi kuwa chakula. Kwa sababu ya aseniki iliyomo, viwanda vya Marekani viliacha kutia ile dawa ya shaba, kromu na aseniki katika mbao za matumizi ya nyumbani mwishoni mwa mwaka 2003, na nchi za Umoja wa Ulaya ziliwekea matumizi yake mipaka mwaka 2004. Badala yake huko hutumiwa dawa za shaba zilizochanganywa na vitu vingine visivyo na aseniki. Kwa nguzo za umeme na za ua, dawa ya zamani yangali ikitumiwa katika nchi nyingi.

Kwa sababu hiyo yapasa mambo yafuatayo yashikwe sana. Vipande na takataka za mbao zilizotiwa dawa visichomwe kabisa, wala jikoni, wala uwanjani, maana moshi wake una sumu na majivu yake yana sumu zaidi. Majivu hayo yasimwagwe shambani, wala yasiachwe ng'ombe wakayaramba. Unga wa msumeno usitandikwe bandani mwa kuku au ndama. Mwenye kukata au kupiga randa mbao hizo avae kitambaa puani, na anawe mikono kabla ya kula. Mbao hizo zisitumiwe kwa hori la maji, mzinga wa nyuki, ubao wa kukatia nyama, wala kwa kuta na sakafu ya ghala zinazogusana na mahindi. Miguu ya ghala iwe ya miti iliyotiwa dawa. Juu, palipo na nafaka, pawe pa mbao safi.

Na kwa veranda ambapo watoto watatambaa na wageni watakaa, yafaa mwenye nyumba aulize kama zipo mbao za dawa isiyo na aseniki. Zikikosekana, dawa ikae chini katika nguzo na boriti, na sakafu ya juu ipewe mbao za mti mgumu zilizopakwa rangi.

Kuchagua kwa mahali, si kwa macho

Baada ya hayo, jibu la lile swali la kwanza laonekana. Veranda moja ina sehemu tatu, na kila sehemu ina haki yake.

Nguzo zinazogusa ardhi hapana budi zitiwe dawa kiwandani. Hapa rangi haina kazi yoyote. Hata rangi ya bei kubwa kupita zote, ikipakwa juu ya nguzo isiyo na dawa na kuzikwa katika udongo wa Endebess, ni fedha zilizozikwa.

Boriti zilizo chini ya sakafu hazigusi udongo, lakini ziko mahali penye kivuli na unyevu, tena ni vigumu kuzikagua. Nazo zitiwe dawa, na upande wake wa juu ufunikwe kwa ukanda wa lami au wa plastiki nzito, ili maji yapitayo kati ya mbao yasituame juu yake.

Mbao za sakafu na reli za kushikia ziko hewani na hukauka upesi. Hapa ndipo penye uchaguzi. Ikiwa ni kiini cha mti mgumu kama mvule, rangi inayopenya yaweza kutosha. Ikiwa ni mti laini kama sipresi au msonobari, zitiwe dawa kwanza kisha zipakwe rangi. Maana hakuna ugomvi kati ya dawa na rangi. Dawa huzuia kuoza, na rangi huzuia kupasuka na kufifia. Lililo muhimu ni utaratibu: dawa kwanza, rangi baadaye. Ubao uliokwisha kupakwa rangi hauwezi kunywa dawa tena.

Mbao zilizotoka kiwandani zikiwa bado na maji zisipakwe rangi siku ile ile. Mwenye nyumba anyunyize matone ya maji juu ya ubao. Yakibaki juu kama shanga, angoje; yakinywewa, ubao uko tayari.

Wakati wa kununua na kujenga

Rangi ya kijani peke yake si ushahidi wa dawa, kwa maana kijani chaweza kupakwa kwa brashi. Mnunuzi amwombe muuzaji amkatie nguzo moja katika fungu, mbali na ncha. Ikiwa dawa iliingia, ataona duara la kijani au la hudhurungi limezunguka pembeni kwa upana unaoonekana vizuri. Ikiwa rangi ni ya juu tu kama karatasi, nguzo hiyo haikupata dawa ya kutosha.

Nguzo isikatwe kwenye ncha itakayozikwa, maana kila mahali msumeno unapopita hufungua mlango. Ikihitaji kufupishwa, ikatwe upande wa juu, na mahali palipokatwa au kutobolewa papakwe dawa ya brashi mara mbili. Misumari na bolti ziwe zile zilizotiwa zinki, kwa sababu shaba iliyomo katika dawa hula chuma kitupu.

Shimo la nguzo liwekwe kokoto chini ili maji yapenye. Saruji ikimwagwa kuizunguka, isiwe bakuli la kutunza maji, bali uso wake uinuke juu ya ardhi na kuteremka kutoka kwenye nguzo. Bora zaidi ni kujenga msingi wa saruji juu ya ardhi na kuisimamisha nguzo juu ya kiatu cha chuma, isiguse udongo kabisa. Watu wa Norway walijifunza jambo hili zamani. Makanisa yao ya kwanza ya mbao, yaliyosimama juu ya nguzo zilizochimbiwa ardhini, yalioza. Baadaye waliziweka nguzo juu ya mihimili iliyolala juu ya mawe, wakazipaka lami ya misonobari mara kwa mara, na kanisa la Borgund, lililojengwa karibu na mwisho wa karne ya 12, lingali limesimama.

Mbao za sakafu ziachiwe nafasi ya milimita 5 hivi kati yake ili maji yapite na upepo uingie. Chini ya veranda pasiwekwe kuni wala takataka, na kila mwaka kabla ya mvua pachunguliwe kama kuna vijia vya mchwa.

Hesabu ya fedha

Mtu aweza kusema kwamba maneno haya ni ya matajiri. Basi na afanye hesabu. Tuseme, kwa mfano tu, kwamba nguzo iliyotiwa dawa inauzwa bei mara tatu ya nguzo ya kawaida. Ile ya kawaida ikiliwa na mchwa kila baada ya miaka minne, katika miaka 20 mwenye nyumba atanunua nguzo tano mahali pa moja. Juu ya bei hiyo ataongeza ujira wa fundi mara tano, na kila mara kuvunja na kujenga tena. Aliyedhani ameokoa theluthi mbili atakuwa amelipa zaidi. Na ikiwa mguu uliovunjika ulikuwa wa ghala, hasara si mguu tu, bali ni mahindi ya mwaka mzima yaliyomwagika matopeni, pamoja na karo ya watoto iliyotegemea mahindi hayo.

Asiye na fedha za kununua zote hana haja ya kukata tamaa. Anunue zilizotiwa dawa kwa nguzo kwanza, atumie mbao za kawaida juu, na azipake rangi atakapopata. Mbao za juu hubadilishwa kwa nyundo na misumari katika asubuhi moja. Nguzo haibadilishwi mpaka nyumba ya juu yake ibomolewe. Wahenga walisema kwamba usipoziba ufa utajenga ukuta. Kwa mwenye veranda, ufa huanzia chini, pale mti unapokutana na udongo, na pale ndipo shilingi ya kwanza itumiwe.